Nani Analipia Data Isiyojirudia?

Chukua methali hii uiweke kwenye faili: Haraka haraka haina baraka. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi ni 26, yaani baiti 26. Sasa ipitishe kwenye RLE (run-length encoding, mbinu ya kubana data kwa kuhesabu baiti zinazofanana mfululizo) ya kitabuni, ile ya kuandika idadi kwanza, kisha baiti inayorudiwa. Kinachotoka, kila baiti ikiandikwa kwa namba za msingi wa 16 (heksadesimali), kinaanza hivi:

01 48 01 61 01 72 01 61 01 6B 01 61 01 20

Na kinaendelea hivyo hivyo hadi baiti ya 52.

Faili limekuwa mara mbili kamili. Nusu yake ni namba ileile, 01, iliyoandikwa mara 26 ili kusema kwamba hakuna kilichorudiwa. Jicho la msomaji linaona marudio kibao: neno "haraka" mara mbili, mkia wa "araka" mara tatu. RLE haioni lolote kati ya hayo, maana inachouliza ni kimoja tu: je, baiti inayofuata inafanana na hii?

Kwa wiki kadhaa kitu kimoja kimekuwa kikinikera katika maelezo ya RLE yanayozunguka mitandaoni. Yote huonyesha AAAAABBB ikigeuka 5A3B, kisha yanafunga mjadala. Lakini data nyingi duniani si AAAAABBB. Data nyingi ni methali.

Kuhesabu ndiyo sehemu rahisi

Kitanzi cha kuhesabu baiti zinazofanana huandikwa kwa mistari michache. Ugumu uko kwa yule anayekunjua, yaani anayeirudisha data ilivyokuwa. Anasoma 48 kwenye mkondo wa baiti. Hiyo ni herufi H, au ni idadi, 72?

Lazima aambiwe, na kila namna ya kumwambia inakula nafasi.

Nafasi hiyo haikwepeki. Unachoweza kuchagua ni nani ailipie. RLE ya kitabuni inamtoza kila mtu: kila baiti inayosimama peke yake inalipa baiti nzima ya ziada. Miundo ya mafaili iliyodumu miaka mingi ilikwepa ushuru huo, kila mmoja kwa njia yake, na ukiisoma kwa swali hilo moja (nani analipa?), vile vipengele vinavyoonekana kama ukaidi wa waliobuni vinaanza kuwa na maana.

Kuitoza thamani moja

Njia ya kwanza ni kuteua baiti moja iwe ishara. BinHex, uliotumika kusafirisha mafaili ya Macintosh kwa barua pepe, uliteua 90. Baiti yoyote nyingine inapita kama ilivyo. Ukikuta FF 90 04, maana yake ni FF mara nne. Na 90 ikijitokeza yenyewe ndani ya data, inaandikwa 90 00.

Kwa methali yetu hatua hii haigharimu kitu: 26 zinaingia, 26 zinatoka. Kwa data ya nasibu, baiti moja kati ya 256 ndiyo inayolipa, kwa hiyo faili linavimba kwa asilimia 0.4 hivi. Hesabu nzuri sana, mpaka utakapokutana na faili ambalo 90 ni mkazi wake wa kudumu. Faili la 90 41 90 41 90 41 linapanda kwa nusu nzima, kwani kila baiti mbili zinageuka tatu. Wastani unapendeza, hali mbaya kabisa haipendezi hata kidogo.

PCX, muundo wa picha wa kampuni ya ZSoft iliyotengeneza PC Paintbrush, ulikwenda mbali zaidi: ulitoza thamani 64 kwa mpigo. Baiti ambayo biti zake mbili za juu ni 1 (yaani C0 na kuendelea, 192 hadi 255) ni idadi. Biti sita zilizobaki zinasema mara ngapi, hadi 63. Baiti iliyo chini ya 192 inajisimamia. Lakini pikseli yenye thamani ya 197 ikiwa peke yake haiwezi kuandikwa C5, kwa sababu anayekunjua ataisoma "mara tano". Inabidi iandikwe C1 C5: mara moja, C5.

Hapo ndipo picha za kijivu zinapoumia. Kwa mpangilio wa kawaida, thamani kubwa ndizo nyeupe. Karatasi iliyopigwa skani haiwi nyeupe moja. Ina chembechembe, 241, 239, 243, 240. Hakuna jirani anayefanana na jirani, na wote wako juu ya 192. Sehemu yote ya karatasi inakaribia kuwa mara mbili, wakati maandishi meusi, ambayo ni machache, yanapita bila malipo.

Dawa yake ni ya kijanja na haigusi muundo wenyewe. PCX ya rangi 256 hubeba jedwali la rangi mwishoni mwa faili, baiti 768 zinazotanguliwa na 0C. Ligeuze jedwali, pamoja na thamani za pikseli, ili nyeupe iwe fahirisi ya 0 na nyeusi iwe ya 255. Picha ni ileile, rangi ni zilezile, ila sasa wanaolipa ni wachache.

Kosa la kawaida upande wa kuandika: programu inahesabu mfululizo wa 1 na kuitoa baiti kama ilivyo, bila kuangalia kama imevuka 192. Picha inafunguka vizuri hadi kwenye pikseli ya kwanza ya namna hiyo, kisha mstari wote uliobaki unasogea pembeni. Ukiona picha ya PCX iliyochanika kwa mshazari, anza kutafuta hapo.

Kuutoza mfululizo wenyewe

Njia ya pili inageuza mambo: data isiyojirudia isilipe chochote, walipe wanaojirudia.

bzip2, programu ya kubana mafaili, hufanya hivi katika hatua yake ya kwanza. Baiti zinapita zilivyo. Zikitokea nne zinazofanana mfululizo, baiti inayofuata hizo nne ni idadi ya zilizobaki, kuanzia 0 hadi 251. Kumi zinazofanana zinakuwa nne pamoja na 06. Nne kamili zinakuwa nne pamoja na 00, na hao ndio pekee wanaopata hasara: baiti 4 zinageuka 5. Hakuna ishara ya kuteua, hakuna thamani iliyopigwa marufuku, na methali inapita bila kuguswa.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mwisho wa faili: mfululizo wa nne ukiangukia hapo, ile 00 lazima iandikwe hata kama hakuna kitu kinachofuata. Wa pili ni hesabu inayobebwa. Ukishasoma idadi, anza kuhesabu upya kutoka sifuri. Usipofanya hivyo, mfululizo uliozidi kikomo na kuendelea na baiti ileile utakuharibia kila kitu baada yake.

Cha kuchekesha ni kwamba mwongozo wa bzip2 wenyewe unasema hatua hii haina umuhimu wowote. Iliwekwa kuikinga kazi ya upangaji inayofuata, ambayo ilikuwa ikikwama kwenye ingizo la alama moja iliyorudiwa, na baadaye ikaonekana kwamba upangaji ungeweza kujitetea bila msaada huo. Imebaki kwa sababu muundo ulishasambaa.

Modemu zilizotumia MNP5, mbinu ya kubana data inapotumwa, zilikuwa na kanuni ya jamii hiyohiyo, ila kwa tatu badala ya nne: baada ya baiti ya tatu inayofanana, idadi inafuata. Tofauti ya moja tu, lakini kwa Kiswahili ina uzito wake, kama tutakavyoona.

Bei ya jumla

Njia ya tatu ndiyo iliyosambaa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuanzia kama hujui data yako ikoje. Ni PackBits ya Apple, iliyokuja na Macintosh, ikaingia kwenye muundo wa picha wa TIFF kwa namba ya mbano 32773, na kwenye picha za kompyuta za Amiga kwa jina la ByteRun1.

Badala ya kumtoza kila asiyejirudia rejareja, inawakusanya na kuwatoza kwa jumla. Kila kifungu kinaanza na baiti elekezi moja:

- 00 hadi 7F: nakili baiti zinazofuata kama zilivyo, idadi ni thamani hiyo jumlisha 1, yaani 1 hadi 128.
- 81 hadi FF: chukua baiti moja inayofuata uirudie, idadi ni 257 toa thamani hiyo, yaani 128 kurudi hadi 2.
- 80: puuza, nenda kwenye baiti inayofuata.

Methali yetu inakuwa 19 (yaani 25 kwa namba za kawaida), kisha baiti zake 26 kama zilivyo. Jumla 27. Kutoka 52 hadi 27, na bado hakuna kilichobanwa.

Hali mbaya kabisa ni baiti moja ya ziada kwa kila 128. Faili la baiti 1,000,000 lisilo na marudio hata kidogo linatoka likiwa na 1,007,813. Faili gumu haliwezi kukuvizia kama kwa BinHex. Dari inajulikana kabla hujaanza.

Ndiyo maana eneo la kumbukumbu la kupokea matokeo hupimwa kwa n + (n + 127) / 128, kugawanya kukiwa kwa namba nzima. Anayetenga n tu kwa kuamini kwamba kubana ni kupunguza, programu yake itaandika nje ya eneo siku itakapopewa picha yenye chembechembe nyingi, na majaribio yake yote ya awali yatakuwa yalipita salama.

TIFF inaongeza sharti: kila mstari wa pikseli ubanwe peke yake, kifungu kisivuke kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Picha ya kijivu yenye upana wa pikseli 129 inaweza kulipa baiti mbili kwa kila mstari, wakati yenye upana wa 128 inalipa moja.

Upande wa kukunjua, adui mkubwa ni alama ya hasi. Nyaraka nyingi zinaeleza baiti elekezi kama namba yenye hasi, kuanzia −127 hadi 127, na mtu anaandika kwa lugha ya C: kama n ni ndogo kuliko 0, rudia. Lakini C haisemi kama char, aina yake ya namba ya baiti moja, ina hasi au haina. Kwenye kompyuta za x86 kwa kawaida inayo. Kwenye Linux ya ARM kwa kawaida haina. Msimbo uleule ukihamia ARM, FE haisomwi tena kuwa −2. Inakuwa 254, na programu inanakili baiti 255 badala ya kurudia moja mara tatu. Tangaza aina waziwazi, signed char au int8_t, au tumia hesabu ya 257 toa n, ambayo haihitaji hasi.

Herufi tatu za "kuuuza"

Hadi hapa tumeongelea muundo. Lakini PackBits haimlazimishi anayebana kufanya chochote. Inampa vifungu viwili tu. Pa kukata anachagua mwenyewe.

Kwa Kiswahili suala hili ni la kila siku, kwa kuwa maneno yetu yamejaa irabu pacha. Chukua "Mzee amekaa saa moja". Baiti 20, jozi tatu. Kibanaji chenye pupa kinaona ee, kinakata. Kinaona aa, kinakata. Hesabu yake inakwenda hivi: "Mz" kwa baiti 3, ee kwa 2, " amek" kwa 6, aa kwa 2, " s" kwa 3, aa kwa 2, " moja" kwa 6. Jumla ni 24.

Asiyekata popote anapata 21.

Jozi haina faida yenyewe: baiti mbili zinageuka baiti mbili. Hasara inatoka kwenye kifungu ghafi (cha baiti zinazonakiliwa kama zilivyo) kilichovunjwa, ambacho lazima kilipe baiti elekezi mpya upande wa pili. Jozi iliyozungukwa na data isiyojirudia iachwe ndani ya kifungu.

Na tatu? Kiswahili kinazo, ingawa si nyingi. "Kuuuza mchele" ina u tatu: ya ku, ya mchele wenyewe, na ya uza. Iandike kwa herufi ndogo: baiti 13. Ukiiacha nzima ni 14. Ukiikata ni 2 za k, 2 za uuu, na 10 za "za mchele": 14 vilevile. Sare.

Lakini mwambie mtu "uuuze mchele" na mfululizo unahamia mwanzoni, mahali ambapo hakuna kifungu cha kuvunja. Nzima ni 13. Kwa kukata ni 2 na 10, yaani 12. Umeokoa baiti moja.

Kwa hiyo mpaka wa faida haukai kwenye urefu wa mfululizo peke yake. Unategemea majirani. Maelezo rasmi ya TIFF yanasema kitu hikihiki kwa ufupi: jozi iwe mfululizo isipokuwa pale inapotanguliwa na kufuatwa na baiti ghafi; tatu na kuendelea ziwe mfululizo daima. Ile "daima" ni ya kurahisisha tu, maana katikati ya kifungu tatu ni sare.

Turudi kwa modemu ya MNP5. Kanuni yake ya tatu inaifanya "kuuuza" ilipe baiti moja ya idadi, 00, bila faida yoyote. Kanuni ya nne ya bzip2 isingeiona kabisa. Kwa maandishi ya Kiswahili, kuchagua nne badala ya tatu ndiko kunakotenganisha hasara ndogo ya mara kwa mara na hasara isiyokuwepo.

Muundo wa BMP wa Windows nao una mpaka wake, uliotokana na ajali ya kugawa namba. Katika RLE8, 00 ikifuatwa na 0 ni mwisho wa mstari, ikifuatwa na 1 ni mwisho wa picha, ikifuatwa na 2 ni kuruka mahali. Zimebaki 3 hadi 255 za kutangaza baiti ghafi. Pikseli moja au mbili zisizojirudia haziwezi kuwa kifungu ghafi. Zinaandikwa 01 xx 01 yy, kama RLE ya kitabuni. Tena kifungu kinapaswa kuishia kwenye idadi shufwa, kwa hiyo pikseli tatu ghafi zinakula 00 03, tatu zenyewe na 00 ya kujazia: sita, sawa na kuziandika mojamoja. Faida inaanza kwenye nne.

Ulimwengu wa rangi mbili

Faksi ya Group 3, iliyosanifishwa na CCITT, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, mwaka 1980 kwa jina la T.4, haina shida ya kutofautisha idadi na data, kwa sababu haiandiki data kabisa. Rangi ni mbili na zinapokezana: nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kinachotumwa ni urefu tu. Mstari daima unaanza na nyeupe. Ukianza na nyeusi, kwanza unatuma nyeupe yenye urefu wa sifuri, biti nane: 00110101.

Je, asiyejirudia analipa nini hapa? Analipa kwenye jedwali. Kila urefu una msimbo wake, mfupi kwa urefu unaotokea mara nyingi kwenye karatasi za ofisini. Nyeusi ya 2 ni biti 11, nyeusi ya 3 ni 10, biti mbili kila moja. Kwa pikseli 8 hivi kwa milimita, huo ndio unene wa mstari wa herufi. Nyeusi ya 1 ni 010. Nyeupe ya 1 ni 000111, biti sita, kwa kuwa kwenye barua iliyopigwa chapa ni nadra sana.

Mstari mtupu wa pikseli 1,728 unaenda kwa biti 17. Maajabu.

Sasa tuma picha ya gazetini, ile ya vitone. Katika hali mbaya kabisa pikseli zinapokezana mojamoja: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Kila jozi inakula biti 9. Mstari wenye biti 1,728 unageuka biti 7,776, mara nne na nusu. Kwenye miundo yote niliyoitaja hakuna adhabu kubwa kiasi hicho. Jedwali lilitungwa kwa ajili ya barua, na picha ya vitone inalipia kila uwezekano ambao jedwali liliuona kuwa adimu.

Usiibane, ipange upya

Mara nyingi data "isiyojirudia" inajirudia vizuri tu, ila kwa mpangilio ambao RLE haiuoni.

Pikseli 100 za rangi moja ya machungwa, E0 60 10, ni baiti 300 na hakuna mbili jirani zinazofanana. PackBits inatoa 303. Tenganisha nyekundu, kijani na buluu kwenye mikondo mitatu na unapata mifululizo mitatu ya 100: baiti 6. Photoshop huhifadhi PSD hivyo, kila rangi kivyake. TGA, muundo wa picha wa Truevision, ilichukua njia nyingine: inahesabu pikseli, wala haihesabu baiti. Baiti elekezi moja, pikseli moja ya baiti tatu, imekwisha, jumla 4.

Kwa vipimo vinavyopanda polepole, andika tofauti badala ya thamani. Vipimo 100 vya 50, 51, 52 na kuendelea vinakuwa 50 na kisha 1 mara 99: baiti 4 kwa PackBits. Usiitegemee sana mbinu hii kwenye vipimo halisi vyenye mtetemo, maana 50, 51, 50, 52, 51 inatoa tofauti ambazo nazo hazifanani. Tofauti ni ndogo, ndiyo, lakini udogo ni faida kwa msimbo wa Huffman, unaozipa thamani zinazotokea mara nyingi biti chache. RLE haiujali.

Mfano wa leo unaonishawishi zaidi ni Apache Parquet, muundo wa majedwali makubwa. Safuwima yenye thamani chache hugeuzwa fahirisi. Kaunti 47 za Kenya zinatosha kwenye biti 6. Kisha kuna vifungu viwili, na biti ya mwisho ya namba elekezi ndiyo inayotenganisha: 0 ni mfululizo, 1 ni makundi ya thamani nane zilizopakiwa biti kwa biti. Kwa hiyo hata wasiojirudia wanabanwa: thamani nane za kaunti zinakaa kwenye baiti 6. Marudio yanayoanza katikati ya kundi yanasubiri nane zitimie.

Fikiria safumlalo 1,000,000 zilizochanganyika: baiti 750,000 na ushuru kidogo juu. Zipange kwa kaunti kabla ya kuandika, tuseme kaunti zinalingana. Kila kaunti ina safumlalo 21,277 hivi, namba elekezi inakula baiti 3, thamani 1. Mara 47 ni baiti 188. Faili halisi litazidi kidogo kwa kuwa data hukatwa kurasa, lakini tofauti haitazibika. Amri moja ya kupanga imefanya kazi ambayo hakuna ufundi wa baiti elekezi ungeweza kuifanya.

Kuiacha kama ilivyo

Kuna data isiyopangika. JPEG iliyokwisha kubanwa, faili lililosimbwa kwa siri. Hapo hesabu ni katili. Mafaili ya biti 8 kamili ni 256. Mafaili mafupi kuliko hayo, kuanzia la biti 0 hadi la biti 7, yote kwa pamoja ni 255. Huwezi kuwapa wote 256 kiti kifupi bila wawili kukalia kimoja, na wakikalia kimoja hutajua nani ni nani wakati wa kukunjua.

Kinachobaki ni kukubali na kulipa kidogo iwezekanavyo. Bana kifungu kwenye kumbukumbu, linganisha urefu, andika kilicho kifupi na biti moja ya kusema ni kipi. DEFLATE, mbinu inayotumika ndani ya ZIP, ina kifungu cha namna hiyo kisichobanwa, hadi baiti 65,535, ambacho kwa kawaida kinagharimu baiti 5. V.42bis, iliyofuata MNP5 kwenye modemu, ilikuwa inajipima njiani na kuhamia hali ya kupitisha data ilivyo. MNP5 haikuwa na mlango huo, na waliotuma mafaili ya ZIP walishauriwa kuizima.

Kwa vifungu vya baiti 4,096 na baiti moja ya alama, hali mbaya inashuka hadi 1 kwa 4,096, ambapo PackBits peke yake ni 1 kwa 128. Bei yake ni kwamba lazima usubiri kifungu kizima kabla ya kutoa baiti ya kwanza.

Mitihani ya kibanaji

Kama unaandika PackBits yako, usiijaribu kwa AAAAABBB. Ipe hivi:

Faili tupu: litoke tupu. Baiti moja: zitoke 2. Baiti 128 zote tofauti: 129. Baiti 129 zisizojirudia: 131. Mfululizo wa 128: baiti 2. Mfululizo wa 129: baiti 4, na ikiwa unafuatwa na data ghafi, ile moja iliyobaki iingie kwenye kifungu hicho, isipewe baiti elekezi yake. "Mzee amekaa saa moja": 21. "uuuze mchele": 12.

Mwisho, baiti 1,000,000 za nasibu kutoka /dev/urandom, chanzo cha baiti za nasibu kwenye Linux. Tarajia 1,007,813 au pungufu kidogo. Ukiona takriban 1,009,800, kibanaji kinavunja vifungu kwa ajili ya jozi: kwenye data ya nasibu jozi hutokea mara moja kwa kila baiti 256 hivi, na kila moja inaacha kipande cha kifungu kilicholipiwa bila kujaa.